Laini ina jina langu, mume wangu hajulikani alipo

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimejifungia chumbani, watoto wamelala. Naomba usitaje jina langu. Mimi ni mama wa watoto wawili, fundi cherehani hapa Dodoma mjini, na mume wangu ananunua na kuuza alizeti. Ndoa yetu ni ya kanisani. Tunaishi Nkuhungu kwenye nyumba tuliyoijenga kidogo kidogo, na tuna kiwanja upande wa Ihumwa tulichonunua kabla serikali haijatangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku. Wakati ule watu walitucheka kwamba tumenunua vumbi. Leo kiwanja hicho ndicho kinawanyima watu usingizi.

Mume wangu hajulikani alipo tangu msimu huu wa alizeti ulipoanza. Lakini shida ilianza kabla hajaondoka.

Kuanzia kiangazi kilichopita vitu vilianza kupotea ndani. Funguo za sanduku nilizozitafuta siku nzima nilizikuta ndani ya debe la uwele. Nilipouliza, mume wangu akanitazama kwa huruma: "Si uliniambia mwenyewe umeziweka huko?" Hela ya ada niliyoihesabu na kuifunga kwenye kitenge ikapungua. Akasema nilimtuma alipe deni langu la vitambaa, na risiti akanionyesha. Sikukumbuka kumtuma. Nilipobisha alinyamaza, halafu Jumapili baada ya ibada nikamsikia akimwambia mzee wa kanisa kwamba kichwa changu siku hizi hakiko sawa. Kwa ndugu zake alishafika mbali zaidi. Aliwaambia nikizidi watanipeleka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Nikaanza kuandika kwenye daftari kila ninachofanya: leo nimeweka hela hapa, leo nimefunga mlango saa fulani. Niliandika kwa siri kama mwizi.

Kisha ikaja meseji. Namba ngeni, usiku wa manane: "Mumeo si wako, utalia." Nyingine: "Unajua unaishi na nani?" Zilikuwa zinaingia mume wangu akiwa amelala pembeni yangu anakoroma, kwa hiyo yeye nilimtoa kwenye hesabu. Nikajua ana mwanamke, na mwanamke huyo ndiye anayenichokoza. Tuligombana sana. Siku moja jioni nilimrushia kikombe, hakikumpata, lakini nilipiga kelele kwamba bora afe nijue moja. Majirani walisikia. Siku chache baadaye aliondoka alfajiri kwenda Singida kununua mzigo, akasema ni safari ya siku mbili. Bodaboda wa kijiweni kwetu alimshusha stendi ya Nanenane. Tangu hapo simu haipatikani.

Nilifikiri nimpe muda kidogo, labda hasira. Shemeji yangu hakungoja. Alienda polisi kabla yangu, akasema nilimtishia kaka yake kifo. Nilipoitwa, afande alinionyesha meseji zilizotumwa kwa shemeji: "Nitakumalizia huyo kaka yako." Akaniuliza kama namba ile ni yangu. Nikasema siijui. Shangazi, namba ile imesajiliwa kwa jina langu, kwa NIDA yangu, yaani kitambulisho changu cha taifa, na kidole changu. Na si hivyo tu. Nilipoitazama vizuri nikaona ndiyo ileile iliyokuwa ikinitukana mimi usiku.

Nimewaza mpaka nikakumbuka. Muda mrefu nyuma mume wangu alinipeleka kwa wakala wa barabarani nimsajilie laini ya biashara. Wakala alikuwa ananiambia kidole hakisomi, nikifute kwa kanga, nibonyeze tena, na tena. Laini niliyoiona ilikuwa moja tu. Lakini shemeji hataki kusikia. Anasema hii ndiyo dalili yenyewe, kwamba nilikuwa najitumia meseji mwenyewe na sijui. Meseji nyingi alizoonyesha ni za ile wiki mwanangu mdogo alipolazwa na malaria, nikilala chini ya kitanda chake wodini. Nakumbuka wodi, nakumbuka dripu. Sikumbuki kuandika meseji. Lakini funguo za kwenye uwele nazo sikuzikumbuka. Kuna usiku nakaa natazama vidole vyangu.

Ukoo umekaa kikao. Mama mkwe alinikataza kutangaza kanisani wala redioni, akasema tukitangaza tutamharibia mwanawe biashara. Shemeji naye ametoa karatasi iliyosainiwa na mume wangu inayompa ruhusa ya kuuza kiwanja cha Ihumwa. Anasema hela itatumika kumtafuta kaka yake na kulipa madeni yake, na kilichobaki ni saini yangu mimi kama mke. Nikisaini, atafuta mashtaka. Nisiposaini, atanipeleka hospitali kwa nguvu.

Wiki iliyopita ile namba imeniandikia tena. "Saini wanachotaka, mambo yaishe." Mwisho wa meseji kulikuwa na jina la utani ambalo mume wangu alinipa tukiwa wachumba. Halijui hata dada yangu. Nililia kwa furaha kwamba yu hai, kisha mwili wote ukasisimka kwa hofu. Sijamwambia mtu. Nikiwapelekea polisi si watasema nimejiandikia tena?

Nisaini? Ninyamaze? Watoto niwaambie nini? Na je, Shangazi, inawezekana ni mimi?

Mama Wawili, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu. Pole, tena pole sana.

Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu bila hilo kutulia hutaweza kusimama kwenye mengine. Usajili wa laini unaonyesha jambo moja tu: nani aliweka kidole siku ile kwa wakala. Hauonyeshi nani ameishika laini hiyo tangu siku hiyo. Jina kwenye laini na mkono unaoandika ni vitu viwili, na watu wanaokuzunguka wanafanya kila njia uvione kama kimoja.

Mkono unaoandika una njia ya kujulikana. Kila simu ina namba yake ya IMEI. Bonyeza *#06# utaiona ya kwako, iandike kwenye lile daftari. Laini ikiwekwa kwenye simu na kutumika, kampuni ya mtandao hubaki na kumbukumbu kwamba ilikuwa ndani ya simu yenye IMEI fulani, saa fulani, kupitia mnara wa eneo fulani. Sasa rudi kwenye ile wiki ya malaria. Kitabu cha wodi kina jina la mwanao, manesi walikuona, wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuona. Kama meseji zilitoka kupitia mnara wa mbali na hospitali, au kwenye simu ambayo hujawahi kuimiliki, hilo halijibiwi kwa maneno ya kikao. Kumbukumbu hizo hupewi wewe wala mimi, lakini polisi wakiziomba kwa utaratibu wao wanazipata. Ombi lako la kwanza kwa mpelelezi liwe hilo, na uliweke kwa maandishi, nakala moja ibaki kwako.

Jambo jingine la leo hii: piga *106# uhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na ufanye hivyo kwenye kila mtandao. Mtu aliyekubonyezesha kidole mara nyingi kwa laini moja anaweza kuwa aliondoka na laini zaidi ya moja. Utakazoziona usizifute bado. Zipige picha, uzipeleke polisi kwanza, maana laini ikifungwa mapema yule anayeitumia ataitupa na simu pamoja.

Umesema mumeo ulimtoa kwenye hesabu kwa kuwa meseji ziliingia akiwa anakoroma. Hapo ndipo nilipoisoma barua yako mara ya pili. Kukoroma kwake kunathibitisha kwamba si yeye aliyebonyeza usiku ule. Hakuthibitishi kwamba hakujua. Yeye ndiye aliyekupeleka kwa wakala, na laini ilibaki mikononi mwake. Kama mwingine alikuwa anaitumia usiku, basi ama aliibiwa ama alimpa. Jambo hili linahitaji watu wawili. Sitakuambia wa pili ni nani, kwa sababu sijui, na wewe pia usimtaje mtu hadharani. Mwachie mpelelezi.

Kuna mambo mawili uliyoyaandika kwa kupita ambayo nadhani hujayasikia uzito wake.

La kwanza ni karatasi ya shemeji. Mtu anaenda Singida kuchukua alizeti, safari ya siku mbili, anarudi. Mtu wa namna hiyo anaacha hela ya matumizi na maagizo ya fundi wa paa. Kwa nini aache hati ya uwakilishi ya kuuza kiwanja? Omba kuiona hati hiyo mbele ya wakili wako, na usiangalie saini peke yake. Angalia tarehe, angalia muhuri wa wakili aliyeshuhudia. Kama tarehe ni ya kabla ya safari, basi mauzo yalipangwa mumeo akiwa bado anakula ugali nyumbani kwako, na wewe hukuambiwa. Kama ni ya baada ya safari, basi kuna wakili aliyekaa na mumeo, au na mtu aliyejifanya mumeo, wakati wewe unaambiwa amepotea. Vyovyote vile, karatasi hiyo inajua mengi kuliko kikao kizima cha ukoo.

La pili ni mama mkwe. Alikukataza kutangaza ili usimharibie mwanawe biashara. Mwanangu, mimi ni mama. Mtoto wangu akipotea hata kwa siku tatu, siwazi biashara yake. Nawaza kama amekula, nawaza kama yuko mtaroni. Nitasimama mbele ya kanisa na picha yake hata kama atanichukia akirudi. Mama anayelinda biashara ya mtu aliyepotea ni mama anayeamini kwamba mtu huyo ataendelea kuifanya. Sisemi ni mwovu. Huenda naye amedanganywa, ameambiwa mwanawe amewakimbia wanaomdai kwa muda mfupi, au amekukimbia wewe. Huenda kila usiku anaomba mambo yaishe. Lakini katika barua yako hakulia popote, na wewe ulikuwa umelemewa kiasi cha kutoliona hilo.

Tusikimbilie kuhukumu. Meseji yenye jina lako la utani inaweza kuwa ya mumeo. Inaweza pia kuwa ya mtu aliyeshika simu yake na kusoma yale mliyoandikiana zamani, na kama ni hivyo mumeo yuko hatarini au yamemkuta mabaya zaidi. Nimeigeuza barua yako kila upande, na njia zote mbili zinaishia kituoni. Kama yu hai na anakutisha, polisi wajue. Kama hayuko salama, polisi wajue haraka zaidi. Kukaa na meseji ile kifuani kunamsaidia mtu mmoja tu, yule aliyeituma. Usiijibu, usiifute, usiihamishe simu kwa fundi.

Nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Usiende peke yako. Chukua wakili au msaidizi wa kisheria. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na ofisi ya halmashauri, kupitia maendeleo ya jamii au ustawi wa jamii, inaweza kukuelekeza kwa watoa msaada waliosajiliwa wasiotoza hela. Mwenyekiti wa mtaa naye ajue. Ukifika eleza kila kitu, na kikombe pia. Sema kwamba ulimwambia bora afe, sema siku, sema ulikuwa na hasira ya nini. Majirani walisikia, kwa hiyo neno hilo litafika tu. Likitoka kinywani mwako ni ugomvi wa ndoa, likitoka kwa shemeji peke yake linakuwa kitu kingine. Peleka daftari, lakini kwanza lipige picha ukurasa kwa ukurasa, umtumie dada yako. Na uondoke na RB yako mwenyewe, ile namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi, yenye maelezo yako ya kupotea kwa mumeo. Mpaka sasa faili lina sauti ya shemeji tu. Waulize pia kama bodaboda aliyempeleka Nanenane amehojiwa, na kama jina la mumeo lipo kwenye tiketi yoyote ya basi la asubuhi ile. Tiketi za mikoani siku hizi ni za mtandao, hazipotei kama karatasi. Kama hakupanda basi la Singida, utafutaji wote ulianzia mahali pasipo.

(Kwa wasomaji wengine: ndugu akipotea msingoje saa 24, na msimwachie mtu mmoja wa ukoo kwenda polisi kwa niaba ya wote. Nendeni siku hiyo hiyo.)

Saini? Hapana. Usisaini hata karatasi ya mahudhurio ya kikao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua mchango wako katika mali mliyochuma pamoja, na cherehani yako imo ndani ya kiwanja hicho kama alizeti zake zilivyo. Shemeji anaposema "imebaki saini yako tu" amekueleza mwenyewe kwamba bila wewe mnunuzi hatoi hela. Mwambie wakili wako aangalie namna ya kuweka zuio kwa Msajili wa Hati ili kiwanja kisihamishwe kimyakimya, na kwa nyumba ya Nkuhungu afanye hivyo hivyo, maana nyumba ya ndoa mwenzi mmoja hawezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwingine. Wakianza kuzungumzia mirathi, wakumbushe kwamba hakuna aliyekufa. Kisheria mtu hudhaniwa amefariki baada ya miaka 5 bila habari zake kwa wale ambao wangepaswa kuzisikia, na hata hapo ni mahakama inayosema. Na ile ahadi ya "kufuta mashtaka" isikulevye. Jinai ikishafika mikononi mwa serikali, shemeji hana kifutio.

Sasa la Mirembe. Inaniuma jinsi watu wa hapa kwetu walivyoigeuza hospitali kuwa fimbo ya kuchapia wake. Watu wanatibiwa pale, wanapona, wanarudi makazini na mashambani mwao. Hakuna atakayelazwa kwa neno la shemeji. Ni daktari anayepima. Na ushauri wangu unaweza kukushangaza: nenda kamwone daktari wa afya ya akili, pale au hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa miguu yako, na dada yako pembeni. Si kwa sababu nadhani umerukwa na akili. Mtu aliyekaa mwaka mzima akiambiwa kwamba macho yake yanamdanganya, halali, hali, anatazama vidole vyake usiku, huyo anahitaji kusaidiwa alale. Mweleze daktari yote, funguo, hela, meseji. Akiona kuna ugonjwa utatibiwa na hutapungukiwa heshima. Asipouona, utakuwa na maandishi ya mtaalamu, na tishio la shemeji litakuwa limekwisha nguvu.

Funguo za kwenye uwele nisiziache. Hukukumbuka kuziweka huko, ukaona ndiyo dalili. Lakini angalia daftari lako tangu ulipoanza kuandika: ni mara ngapi kitu ulichoandika mahali pake kimekutwa kwingine, na siku hizo nani alikuwa nyumbani? Na tangu mumeo aondoke, vitu vimeendelea kupotea? Hilo hukuliandika kabisa, na mimi ndilo ningelitaka kulijua kuliko yote. Kaa ulijibu kwa utulivu, na dada yako awe pembeni yako.

Watoto waambie ukweli unaolingana na umri wao: baba hajarudi, mama na polisi wanamtafuta, ninyi mko salama. Usimwambie mtoto kwamba baba amesafiri kikazi, maana siku watakayosikia kwa wenzao shuleni hawatakuamini tena wewe, na kwa sasa wewe ndiye pekee waliye naye. Mwalimu wa darasa ajue ni nani anaruhusiwa kuwachukua, na jina la shemeji lisiwemo kwenye orodha mpaka mambo yaeleweke. Kama dada yako ana nafasi, aje alale hapo kwenu, au mwende kwake nyote.

Na akitokea? Akigonga mlango usiku, amekonda, anakuita kwa jina lile, anasema atakueleza kila kitu ila usimwambie mtu? Najua moyo wako utakimbilia komeo. Usifungue ukiwa peke yako. Zungumza naye dirishani, mwambie umefurahi kumwona hai, kisha mpigie mwenyekiti na mpelelezi akiwa anasikia. Mtu aliyekimbia madeni atasubiri. Atakuwa na aibu, atalia, lakini atasubiri. Asiyeweza kusubiri mashahidi wafike, huyo huna haja ya kukaa naye chumba kimoja usiku huo, hata kama pete yake unayo kidoleni.

Mambo ya kusamehe, kurudiana au kuachana tutayazungumza baadaye, ukishajua ulikuwa unaishi na nani. Kesho asubuhi ni dada yako, wakili, halafu Dawati, kwa mpangilio huo. Ukitoka huko niandikie tarehe uliyoikuta kwenye ile hati.

Shangazi